Penseli Kwenye Nywele Zangu: Nilivyojiandaa Kwenda Misheni Cape Town

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki iliyopita binti mmoja anayesoma makala zangu ameniandikia, na amenikubalia niunukuu ujumbe wake bila kumtaja. "Shikamoo kaka. Mwezi wa nane timu yetu inakwenda Cape Town, wiki tatu. Nilimuuliza kiongozi kama tutafundishwa chochote kuhusu ubaguzi wa rangi wa kule, akanijibu kwamba sisi hatuendi kufanya siasa, tuombe tu. Wewe ulishakwenda. Nyie mlijiandaaje?"

Ujumbe huo nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilinyamaza. Mara ya tatu niliona aibu, maana hilo neno "tuombe tu" nililisema mimi mwenyewe mbele ya timu nzima, nikiwa nimesimama, tena kwa sauti ya mimbarani.

Nimeona nimjibu hapahapa hadharani, kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna mzigo uleule. Mnataka kwenda. Kwa macho ya imani mmeshaiona ndege, mmeshaliona jukwaa na watu wanaonyoosha mikono. Mimi pia niliyaona hayo yote, na pale katikati ya jukwaa nilijiona mimi, kipaza sauti mkononi.

Kikao cha kwanza cha timu nilikwenda na daftari lenye mahubiri matatu yaliyokamilika. Tulikuwa watu 11. Sikuwa mgeni wa kazi hii. Nimehubiri mikutano ya hadhara tangu nikiwa kidato cha tatu, na wapo watu waliookoka, nasema hivi kwa utukufu wa Mungu. Kiongozi wetu, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi, akaanza kugawa majukumu. Sifa, huyu. Watoto, wale wawili. Hesabu, yule. Akafika kwangu. "Wewe utatufundisha historia. Kanisa na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Jumamosi nne." Nikasubiri aendelee. Akahamia kwa mwingine. Mahubiri ya Jumapili ya kwanza akampa ndugu mmoja ambaye, nisameheni, ulimi unamsumbua. Kwake R na L ni herufi moja. Akiomba atasema "Bwana uturinde." Akifurahi atasema "Hareruya!"

Hapo ndipo niliposimama. Nikasema mama, sisi tumeitwa kuhubiri Injili, historia haijawahi kumwokoa mtu, siasa tuwaachie wenyewe, tuombe tu. Mama akaniangalia, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Jumamosi saa nne asubuhi. Usichelewe."

Mpaka leo sijui aliandika nini.

Nilianza kazi hiyo shingo upande. Nilidhani ni kitu chepesi: Makaburu walikuwa watu wabaya wasiomjua Mungu, Mandela akafungwa miaka 27, akatoka, amina. Nilipanga kumaliza kwa dakika 20 ili muda unaobaki tuutumie kwa maombi, yaani nipate mwanya wa kuhubiri.

Nikakwama kwenye hilo la kutomjua Mungu. Makaburu walikuwa watu wa kanisa. Walisoma Biblia nyumbani na watoto wao, wakaimba zaburi, wakaitunza Jumapili kuliko wengi wetu. D. F. Malan, ambaye chama chake kilishinda uchaguzi wa 1948 na kuufanya ubaguzi kuwa sera ya dola, alikuwa mchungaji aliyewekewa mikono katika Kanisa la Dutch Reformed. Mchungaji, jamani. Nilikisoma hicho usiku nikiwa kitandani, nikazima simu, nikaiwasha tena kuhakikisha kwamba nimesoma sawasawa.

Nikarudi nyuma zaidi. Mwaka 1829 swali lililetwa mbele ya kanisa hilohilo kule Cape: je, waumini wasio Wazungu washiriki Meza ya Bwana pamoja na Wazungu? Jibu likawa ndiyo, wote kwa pamoja, bila kutazama rangi wala asili ya mtu, kwa kuwa ndivyo Neno la Mungu linavyotaka. Nikafurahi. Nikasema kumbe hapo mwanzo walikuwa sawa. Halafu nikafika 1857. Sinodi ya mwaka huo ilikiri tena kwamba ni vema, na ni Kimaandiko, waongofu kupokelewa katika makanisa yaliyopo. Kisha ikaongeza sentensi moja: lakini pale ambapo udhaifu wa baadhi ya watu unaikwamisha kazi ya Kristo, hao waongofu wapewe jengo lao, wakaabudu kivyao.

Udhaifu wa baadhi ya watu. Nilikaa na maneno hayo karibu wiki nzima. Waliokuwa wadhaifu ni wale wasioweza kukinywea kikombe kimoja na mtu mweusi. Paulo anaposema juu ya ndugu dhaifu katika 1 Wakorintho 8, anamtaka mwenye nguvu aiache haki yake, aache kula ile nyama, ili mwenzake asijikwae. Kule Cape aliyeachishwa ni yule ambaye hakuwa na udhaifu wowote, na alichoachishwa ni nafasi yake mezani pa Bwana. Andiko lilelile, limegeuzwa nje ndani kama soksi. Na ilipofika 1881 halikuwa jengo tena, likaundwa kanisa zima la pembeni kwa ajili ya watu wa mchanganyiko, wale ambao baadaye sheria ingewaita Coloured. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akasema leo tuanzishe ubaguzi wa rangi. Walisema tusiwaudhi wazee wetu wa mbele, basi.

Sasa niungame jambo. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kwenye semina ya vijana, mimi nimefundisha kwamba sisi Waafrika tuko chini ya laana ya Hamu na ndiyo maana mambo yetu hayaendi. Nilifundisha kwa nguvu, watu wakalia, tukaivunja hiyo laana usiku kucha. Nilipokuwa naandaa vipindi hivi nikakutana na watu wa zamani, wafanyabiashara wa utumwa na watetezi wa ubaguzi, wakilitumia fundisho hilohilo, na walilipenda sana. Nikafungua Mwanzo 9 nisome upya. Nuhu hakumlaani Hamu. Alimlaani Kanaani. Na ukivuka sura moja tu, Mwanzo 10:6 inakutajia wana wanne wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Aliyelaaniwa ni mmoja, na huyo mmoja wazao wake wakakaa Palestina. Nimehubiri miaka yote hiyo nimebeba mzigo wa mtu mwingine kichwani, nawatwika na vijana. Wale vijana baadhi nimewatafuta. Wengine sikuwapata.

Basi ushauri wangu kwa binti yangu huyu ni kwamba asome. Soma kabla hujaenda. Usisubiri kiongozi, soma.

Jumamosi ya pili ndiyo ya penseli. Kiongozi wetu aliniomba dakika kumi kabla sijaanza. Akatoa mfukoni penseli moja, mpya, akasema kila mtu apite mbele. Akawa anaichomeka kwenye nywele za mtu, anamwambia inama. Tulicheka mno. Dada zetu waliotia dawa nywele penseli ikateleza ikaanguka. Yangu ikang'ang'ania kama imepigiwa msumari. Ndugu mmoja mwenye kipara alipofika mama akamtazama kidogo akasema, "Wewe kesi yako itakwenda kamatini." Tukaanguka kwa kicheko.

Akatugawa. Ambao penseli imeanguka wakae ndani kwenye viti. Ambao imenasa watoke nje wasikilizie dirishani. Mume na mke waliokuwa nasi kwenye timu wakatengana, maana ya mke ilianguka na ya mume ilinasa. Mume akasema mama acha utani. Mama akasema hakuna utani, mwalimu aanze kipindi. Mwalimu ni mimi, na mimi niko nje.

Kwa hiyo kipindi cha pili nilikifundisha nikiwa nimesimama juani, kichwa nimekiingiza dirishani, nawafundisha watu waliokaa kwenye viti. Niliwafundisha Sheria ya Kuandikisha Watu ya 1950, iliyompa kila mtu wa Afrika Kusini rangi yake rasmi kwenye makaratasi. Ile penseli haikuandikwa kwenye sheria, lakini ilitumika pale maofisa walipokosa uhakika. Ikianguka, wewe Mzungu. Ikibaki, tutafute pengine pa kukuweka. Niliwaeleza habari ya Sandra Laing, mtoto aliyezaliwa 1955 na wazazi Wazungu, wote wawili, akawa na ngozi ya kahawia na nywele za kujikunja. Akiwa na miaka 10 alifukuzwa shule ya Wazungu, serikali ikamwandika upya kuwa Coloured, yeye peke yake katika nyumba ya baba yake. Nikawaeleza kwamba 1949 ndoa za Wazungu na wasio Wazungu zilipigwa marufuku. Yule mume hapo nje hakuwa akicheka tena. Alikuwa akimtazama mkewe kupitia nondo za dirisha.

Nilikuwa na hasira, siwezi kuwaficha. Saa moja na nusu ya jua, mtumishi mzima, kwa ajili ya penseli! Nikamgeukia aliyesimama karibu yangu, ndugu yule wa Hareruya, nikamnong'oneza, "Wewe huoni uonevu huu?" Akasema, "Mimi nimezoea dirishani." Nikadhani anatania.

Jumamosi ya tatu alialikwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Johannesburg miaka mingi. Tulimkalisha mbele tukasubiri simulizi za Wazungu wakatili. Akasema, "Naona mmejiandaa kubaguliwa na Mzungu. Vizuri, mjiandae, yapo. Lakini aliyevunja mlango wangu alikuwa mweusi kama mimi, na jana yake alininunulia sigara."

Alikuwa anaeleza ya Mei 2008. Vurugu zilianza Alexandra, mtaa mmoja wa Johannesburg, zikasambaa miji mingine, wageni kutoka nchi nyingine za Afrika wakapigwa, wakachomewa vibanda, wakauawa. Waliokufa walikuwa 62, na 21 kati yao ni raia wa Afrika Kusini wenyewe, waliodhaniwa wageni au waliokuwa wa kabila lisilotakiwa mahali pale. Mzee akatufundisha neno "makwerekwere", jina wanaloitwa wageni Waafrika, kwa kuigiza jinsi lugha zetu zinavyosikika masikioni mwao: kwere, kwere, kwere. Kisha akashika kiwiko chake. "Walikuwa wanakushika hapa wanakuuliza, hii inaitwaje? Kwa Kizulu ni indololwane. Ukikosea kulitamka, umekwisha."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Shibolethi."

Mnaijua habari hiyo, Waamuzi 12. Watu wa Gileadi wamekaa kwenye vivuko vya Yordani. Mtu akija wanamwambia sema Shibolethi. Akisema Sibolethi, kwa kuwa ulimi wake haukuweza kulitamka sawasawa, wanamkamata wanamchinja. Walikufa watu 42,000, na hao wote walikuwa Waisraeli, wajukuu wa baba mmoja. Kisa ni herufi moja.

Aliyesema "Shibolethi" alikuwa ndugu yule. Aliitamka vizuri kabisa. Halafu akanitazama.

Sijawaeleza bado nilichomfanyia. Tangu kikao kile cha kwanza, kila alipofanya mazoezi ya mahubiri, mimi nilikaa nyuma na vijana wa kwaya. Akisema "Hareruya," mimi naitikia "Hareruya!" kwa sauti yake, na vijana wanaangua kicheko. Nilikuwa namwigiza vizuri, nina kipaji hicho. Nilimwigiza akiomba, nikamwigiza akisoma Zaburi. Nilijiambia ni utani wa watumishi. Ilikuwa ni wivu, kwa sababu yeye alipewa mimbari na mimi nikapewa daftari.

Baada ya kipindi nikamfuata nje. Nikaanza, "Ndugu yangu, kuhusu ile Hareruya…" Akasema, "Unaiweza sana. Hata mke wangu umemchekesha." Sikujua kama nimesamehewa au nimepigwa. Tukatembea kidogo. Ndipo akanieleza kwamba shuleni alichapwa kwa ajili ya hiyo R mpaka akaacha kunyoosha mkono darasani, akawa anasikiliza tu kama mtu aliye dirishani. Alipookoka ndipo alipoanza kusema tena mbele za watu. "Sasa kanisani nako," akasema, na hakumalizia.

Mimi niliyekuwa nafundisha habari za 1857.

Ushauri wa pili, binti yangu: mtafute mtu aliyeishi kule mumsikilize, tena msimpangie la kusema. Ushauri wa tatu ni uleule wa kwanza, soma. Na mkiwa mnasoma tazameni pia ndani ya timu yenu nani yuko dirishani. Kila timu anaye.

Habari za pasi, tiketi, chanjo na michango sitawachosha nazo.

Cape Town ni mzuri, nisiseme uongo. Ule Mlima Meza unakutazama popote ulipo. Siku ya pili wenyeji wetu walitupeleka kwenye Makumbusho ya District Six, ambayo yako ndani ya jengo lililokuwa kanisa la Wamethodisti. District Six ulikuwa mtaa wa watu mchanganyiko katikati ya jiji. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ikautangaza kuwa eneo la Wazungu. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa wakatupwa Cape Flats, uwanda wa mchanga mbali na mji, na nyumba zao zikasukumwa na matingatinga. Makanisa na misikiti iliachwa. Hilo mimi lilinikaa rohoni: nyumba zimesawazishwa zote, kanisa limebaki peke yake katikati ya majani, na Jumapili waumini wanasafiri kutoka walikotupwa waje waabudu pale walipokuwa wakiishi. Ndani ya makumbusho, sakafuni, kuna ramani kubwa ya mtaa ule, na watu waliofukuzwa wameandika juu yake kwa mikono yao: hapa tulikaa sisi. Tulivua kofia bila kuambiwa.

Kuna jambo dogo lilitokea dukani siku hiyohiyo. Mlinzi alitufuata kila rafu tuliyopita, hatua mbili nyuma. Kulikuwa na mama wa Kizungu na mkoba mkubwa kuliko begi zetu zote, yeye hakufuatwa na mtu. Dada mmoja wetu akasema kwa Kiswahili, kwa hasira, "Huyu anatuona wezi." Mlinzi akasimama. Akasema kwa Kiswahili cha Kongo, taratibu, "Mnisamehe, bandugu. Ni kazi." Akaendelea kutufuata.

Hilo sikulikuta katika kusoma kwangu kote.

Jumapili ya kwanza ndugu yetu aliamka na homa, sauti imekatika kabisa. Kiongozi akazunguka na macho yake, yakatua kwangu. "Una neno?" Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kwa miezi minne. Nikapanda mimbarani kwenye kanisa moja la Cape Flats, mtafsiri pembeni yangu, nikafungua Wafilipi 3:13: "nikiyasahau yaliyo nyuma, nikiyachuchumilia yaliyo mbele." Wapendwa, nilihubiri. Niliwaambia wasamehe, wasahau, waache kulia juu ya yaliyopita, Mungu anafanya jambo jipya. Niliruka. Nilitoa jasho. Walisema amina, lakini amina zao zilikuwa za adabu, kama za mtu anayemkaribisha mgeni chai isiyo na sukari. Mimi nilizisikia kama za upako.

Baada ya ibada akaja mama mmoja mzee, wa rika la bibi zetu. Pale kila mama mtu mzima huitwa Auntie. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema kwa Kiingereza cha polepole ili nielewe. "Mwanangu, mmeshakwenda makumbusho?" Nikasema ndiyo, Auntie. "Mliiona ile ramani sakafuni?" Ndiyo. "Jina la mtaa wetu nililiandika mimi pale kwa mkono wangu, nisije nikalisahau. Kusamehe nilisamehe kabla hujazaliwa wewe. Sasa nieleze, unataka nisahau kipi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema "Mungu akubariki, Auntie," ambalo ndilo neno tunalolisema watumishi tukikosa la kusema. Akanipigapiga mkono, akaenda zake. Kiongozi wetu alikuwa nyuma yangu na alisikia yote. Kwenye gari hakuna aliyeniambia kitu. Afadhali wangenisema.

Jumamosi nne nimefundisha. Nimetaja miaka yote, sheria zote, sinodi zote. Na nilipopewa dakika 40 za mimbari nikampandia mama wa watu kichwani na aya moja niliyoichomoa mahali pake. Paulo pale alikuwa anayasahau makuu yake mwenyewe, ile nasaba yake na Ufarisayo wake, mambo ya kujivunia. Hakuwa anamwambia mjane asahau alivyobomolewa nyumba. Lilikuwa andiko la kunihubiria mimi na mahubiri yangu matatu.

Ndiyo maana, ndugu zangu watumishi, naomba niseme kidogo kwa ukali. Acheni hii "tuombe tu". Matendo 6 kuna manung'uniko, wajane wa Kiyunani wanarukwa katika mgao wa kila siku, wajane wa Kiebrania wanapata. Huo ni ukabila kanisani, unyooshee kidole uuite kwa jina lake. Je, mitume walisema hizo ni siasa? Waliita mkutano mzima, wakachagua watu saba, na soma majina yao, Stefano, Prokoro, Nikanori, yote ni ya Kiyunani. Kazi wakawapa wa upande uleule uliokuwa unalia. Maombi hawakuyaacha, wamesema wenyewe kwamba watadumu katika kuomba, ila walianza na chakula cha wajane. Sisi tunaanza na mkesha, na mkesha ukiisha mjane bado ana njaa.

Na Hesabu 12 mnaikwepa kwa nini? Miriamu alimnenea Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi. Miriamu nabii, mwimbaji, kiongozi wa sifa! Mungu akashuka katika nguzo ya wingu kwa ajili ya kesi hiyo, na Miriamu akawa na ukoma, mweupe kama theluji. Akatengwa nje ya kambi siku saba, taifa zima likasimama likimngoja. Wewe unayesema "wale watu wa kule wako hivyo", unayeuliza kabila la mchumba kabla hujauliza wokovu wake, unayemchagua mtafsiri kwa lafudhi, unakwenda kumhubiri Kaburu kuhusu nini? Utampelekea Injili ipi ambayo wewe nyumbani imekushinda? Nimelisema hili makanisa mawili tangu nirudi. Moja halijanialika tena.

Binti yangu, umeuliza mlijiandaaje. Tulisoma. Tulimsikiliza mzee. Tulisimama dirishani. Nami baada ya yote hayo nilikosea, kwa hiyo wewe soma mara mbili. Mwambie kiongozi wenu, kwa heshima, kwamba unaomba Jumamosi mbili tu. Akikataa, kusanyeni watatu mkasome wenyewe. Na mkifika, wiki ya kwanza msimwambie mtu yeyote asahau chochote.

Ile daftari yangu ya vipindi vinne nimeipiga picha kurasa zote nikakutumia. Mwandiko ni mbaya, hasa pale nilipoandika 1857.

Mwaka huu timu yetu inakwenda tena, na anayeongoza ni ndugu yule. Mimi nimepangiwa mizigo na usafiri. Nimekubali kwa moyo mmoja. Nimemtumia pia mahubiri yangu matatu, nimeyarekebisha, endapo ataamka na homa. Bado hajanijibu.